Jicho Lipige Hodi

Nyumba ya kona, ghorofa ya juu,
Nyuma ya kiwanda cha chapa.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo, tena shikamoo ya kusimama, maana najua bado umenuna. U hali gani wewe, na shemeji, na mgongo wake? Mwambie mizigo ya wenzake awaachie wabebe wenyewe. Sisi hapa ni wazima. Wifi yako anakusalimu; sasa hivi anapiga pasi juu ya kitanda na kunitazama kwa pembe ya jicho, kwa sababu nimeikalia meza anayoitaka. Watoto hawajambo, ila yule mkubwa amerefuka hata suruali zimemkimbia miguu.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu mimi na wewe hukatizana mpaka mmoja akasirike, na mara nyingi huwa ni wewe. Barua haikatizwi. Isome hadi mwisho, halafu unitukane kwa nafasi.

Jambo lenyewe unalijua. Umesema kamera ya jikoni kwa Mama isipoanza tena kuona, basi mwisho wa mwezi wa nne Mama afunge nyumba yake ahamie kwangu. Nimelichukua kwa uzito. Lakini wewe uliona giza tu kwenye simu yako. Hukuona kilicholeta giza. Nitakueleza kwa mpangilio, na shajara yangu iko hapa pembeni nisije nikaongeza chumvi.

Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa kwenye ofisi moja ya mawakili, mtaa wa pili kutoka kwa Mama, nakagua mitungi ya kuzimia moto. Mmoja umetundikwa mwavuli, mwingine umewekwa mlangoni kuzuia mlango usijifunge. Nikamuuliza karani, moto ukiwaka mtafanyaje? Akajibu, "Tuna mtungi," kama mtu anayesema nina hirizi. Hapo ndipo ulipopiga simu kwamba jikoni kwa Mama kunafuka moshi na Mama mwenyewe haonekani.

Dada, nilikimbia. Kwa umri huu na tumbo hili, nimekumbatia mtungi wa mawakili kama mwizi. Sikuita hata hodi. Nilisukuma mlango kwa bega, nikaona wingu jeupe na kitu kimefunikwa shuka kimeinama mezani. Nikachomoa pini, nikaligeukia jiko na kulimwagia poda mpaka mtungi ukakata pumzi. Lile shuka likainuka. Chini yake alikuwa Mama, ana mafua, anajifukiza kwa beseni la maji ya moto.

Jiko lilikuwa jeupe, pazia jeupe, nyusi za Mama nyeupe. Akanitazama kwa utulivu akasema, "Mwanangu, umenizima."

Nikamwambia, "Dada ameona moshi."

"Dada yako yuko wapi?"

"Yuko kwake."

"Na huyo aliyeona moshi yuko wapi?"

Nikamwonyesha kamera juu ya kabati. Akaigeukia. "Siku zote hizi namsalimu kila asubuhi, haitikii. Leo kapata mdomo, na neno lake la kwanza ni uchongezi." Akachukua kile kitambaa cha meza alichokitarizi mwenyewe, akaifunika. Giza uliloliona ndilo hilo, Dada. Ni maua ya Mama kwa upande wa nyuma.

Jirani yake mshonaji alikuja kutusaidia kufagia. Akauliza kama tumefungua kiwanda cha unga na hatukumwalika. Mama alicheka hata mafua yakampungua. Mimi sikucheka, nilikuwa nafikiria nitawaambia nini mawakili.

Basi Alhamisi nikamsomea ujumbe wako. Hapo kicheko kikaisha. Alikunja mikono. Akasema, "Hapa najua kigae kipi kinateleza na mlango upi unataka kubembelezwa. Huko nitakuwa mgeni mpaka nizikwe, wa kuulizwa chai atakunywa saa ngapi." Nilipofika nyumbani nikamweleza wifi yako. Akaniambia, "Mimi na Mama tunapendana sana. Tunapendana kwa sababu tuna majiko mawili."

Usidhani naidharau hofu yako. Maharage ya Desemba, yaliyotufanya tufunge kamera, yaliungua kweli, na chini ya sufuria ile kungali kweusi. Wewe uko mbali. Simu isipopokelewa, moyo wako hauna pa kwenda. Wala sivichukii vifaa, vifaa ndivyo vinavyonilisha. Ila kuna jambo nimeliona kazini kwa miaka mingi: kifaa ni msaidizi, sisi tunakifanya mdhamini. Mtu hununua mtungi wa kuzimia moto, na tangu siku hiyo anaacha pasi ikiwaka na kwenda kupiga soga kwa jirani. Mtungi hauna miguu, na ukiwa umefunikwa makoti hata macho hauna.

Mama amelisema vizuri kuliko mimi. Alisema, "Tangu jicho lije, mguu umepotea." Mguu ni mimi. Kabla ya kamera nilikuwa napita kwake kila jioni nikitoka kazini. Ulipoanza kuangalia wewe, nikawa napita nikikumbuka, kwa kuwa Dada anaona. Nawe huko ukatulia kwa kuwa mdogo wako yuko karibu. Kila mmoja kamwachia mwenzake, na katikati yetu Mama kabaki na mashine isiyojua kuitikia salamu.

Kuhusu sufuria kuungua, alishajitafutia dawa na hakutuambia, maana hatukumuuliza. Akibandika chungu chochote, mwiko hautoki mkononi mpaka aepue. Anakwenda nao sebuleni, anakwenda nao uani, anaongea nao kwenye simu. Mkono ukiwa na mwiko, anajua kuna kitu motoni. Wiki iliyopita msoma mita alibisha hodi, Mama akamfungulia kaushika mwiko juu, na yule kijana akarudi nyuma hadi getini akiapa kwamba yeye hukata umeme kwa kutumwa tu.

Jana nikamuuliza kwa upole, ni nini kitakachomfanya aifunue kamera. Akanijibu kwa swali. "Wewe ni mwanangu wa kukuzaa. Unaingia kwangu bila hodi?" Nikakumbuka Jumanne, nikainama. Akaendelea, "Basi hilo jicho nani kalilea? Linanikuta na kanga ya kuogea, linanikuta nasaka meno yangu, halikohoi hata."

Nikampigia fundi aliyeifunga. Kumbe ile kamera inasema, Dada. Kwenye simu yako, chini ya picha, kuna alama ya kipaza sauti. Ukiibonyeza na kuzungumza, sauti yako inatokea jikoni kwa Mama, na yeye akijibu unamsikia. Hakuna aliyetueleza, na sisi hatukusoma kile kijitabu cha maelekezo, mimi ninayewagombeza watu kila siku kwa kutosoma maandishi ya kwenye mitungi.

Fundi akaniunganishia na mimi kwenye simu yangu. Tukaijaribu jana hiyo hiyo, nikiwa nje barabarani.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, Mama."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Mimi wako wengi."

"Mwanao. Mzima moto."

"Subiri, sijajisitiri."

Nikasubiri, yale maua yamejaa kwenye kioo cha simu. Halafu kitambaa kikaondoka, na uso wake ukatokea mkubwa kama mwezi. Akasema, "Karibu. Umekula?"

Hayo ndiyo masharti yake, nami nayaunga mkono. Kamera inabaki. Kitambaa ni chake, na wa kukifunua ni yeye. Sisi tunapiga hodi kwanza. Unajua tulivyofundishwa: muungwana asipoitikiwa hodi ya tatu, hugeuka akaenda zake. Tubadilishe hapo tu. Asipokuitikia mara ya tatu, usigeuke. Nipigie mimi, na ufunguo ninao mfukoni. Nami jioni nitapita kama zamani, iwe umeona moshi au hukuona. Wifi yako ameongeza kwamba niende mikono mitupu, yaani bila mtungi.

Ukikubali, Mama abaki kwake. Na ukikubali, usiniandikie mimi. Bonyeza pale, uingie kwake mwenyewe. Hajaniambia kama anakungoja, ila leo asubuhi nimemkuta akifuta vumbi kabati la jikoni, kabati ambalo tangu Jumanne tumelifuta hata rangi inalalamika.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu wote wawili, na yule jirani yako mkunga aliyemletea Mama miwani. Huku wanakusalimu wifi yako, watoto wanaotaka kujua shangazi atakuja lini, na mshonaji, anayesema unga wake bado hajapata. Mungu asiyehitaji kamera akulinde huko uliko, na akupe usingizi usiokatizwa na simu.

Mama akiuliza "Mimi nani?", usiudhike. Anakujua. Anataka tu kukusikia ukijitaja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinuna,
Bwana Pini