Nilificha Kopo la Mvua la Mke Wangu

Mama Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na jina langu usilitaje, maana hapa Kiberege nakala moja ya gazeti inasomwa na watu kumi.

Mimi ni mkulima wa mpunga, nina mke na watoto wawili, na kwa kweli nyumba yetu ina raha, ila mke wangu, nimwite Konsolata, ana jambo moja ambalo watu wanalishangaa, kila siku saa tatu asubuhi anapima mvua, amefunga kopo la maziwa ya unga kwenye nguzo uani, anachovya rula, anahesabu milimita, anaandika kwenye daftari, mwaka wa sita huu, hakuna aliyemtuma, alijifunza shuleni akalipenda tu. Mwanzoni nilikuwa nacheka, halafu nami nikanogewa, tukawa tunabashiri pamoja na watoto, anayekosea sana anachemsha chai.

Sasa msimu huu mvua zilichelewa, Krismasi ikapita vumbi tupu, na mama yangu ambaye tunaishi naye akaniita pembeni akasema, "Mwanangu, watu wanasema mkeo anafunga mvua kwenye lile kopo. Liondoe kabla hawajaja kuliondoa wenyewe." Niliogopa, Mama Mshauri, na kubishana na mama nilishindwa, basi Konsolata alipokwenda sokoni nikaling'oa, nguzo nikaiangusha, kopo nikalificha chini ya magunia ya pumba, aliporudi nikamwambia ng'ombe wa jirani yetu Mashimba wamepita wameangusha nguzo na kopo silioni.

Siku ya pili yake ikanyesha mvua kubwa, ile ya kwanza aliyokuwa anaingojea tangu Novemba, akasimama mlangoni na rula mkononi, akasema, "Leo ningeandika sitini, labda sabini," akaacha mstari mtupu. Mama naye akaninong'oneza, "Umeona?" Na Mashimba, Msukuma wa watu asiye na kosa lolote, aliposikia akaja mwenyewe kuomba radhi, na kibuyu cha maziwa mkononi, tukayanywa, nami nikayanywa. Nikisema ukweli, kwa mke nitakuwa mwongo na kwa mama msaliti. Nikinyamaza, siwezi kumtazama mtu usoni. Nifanyeje?

Mwenye Aibu, Kiberege

*

Marahaba, Mwenye Aibu.

Pole, lakini nakupa pole ndogo tu, kubwa ni ya mkeo na ya Mashimba. Una mke mwenye furaha isiyomdhuru mtu, na furaha hiyo umeionja mwenyewe, halafu uliposikia mnong'ono wa kwanza ukaikana. Mama simlaumu sana, aliogopea nyumba yake. Lakini hofu ya mama hujibiwa kwa maneno, haijibiwi kwa kuiba.

Na hiyo mvua, baba, ilinyesha bonde zima. Sisi wa Ifakara tulilowa, na wa Kidatu walilowa. Sote tulificha makopo?

Leo, kabla ya chakula cha jioni, mwambie Konsolata, "Nilikudanganya." Usianze na mama, wala usianze na "watu wanasema". Anza na wewe mwenyewe, na kopo umkabidhi mkononi. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize.

Kesho asubuhi nenda kwa Mashimba, umwambie ng'ombe wake hawana kosa. Usiende mikono mitupu, wewe ni mkulima wa mpunga.

Kisha mama. Mkalishe karibu na Konsolata, asomewe daftari zote. Atasikia miaka ya ukame na miaka ambayo mto ulijaa mpaka mashambani, na kopo lilikuwa palepale. Halafu muulize yeye anabashiri ngapi. Nimeona mama wakwe wengi wanaogopa jambo kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuwakaribisha.

Majirani nao wakirudi na maneno yao, toka mlangoni wewe ukawajibu. Mkeo abaki ndani, anywe chai yake.