Ukurasa wa Baba Yako Bado Unaita Watu

Kwako mwanangu, kitinda mimba wangu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee umekaa, maana ni nyingi na mimi sina haraka. Nataka kujua kama u mzima, kama unakula chakula cha moto, na kama ule mguu bado unakusumbua asubuhi za baridi. Mimi sijambo, ila goti la kulia limeanza kiburi na jicho moja linaona ukungu. Anayeandika ni dada yako, kwani unajua mimi na kalamu hatujawahi kufahamiana. Ameshaniomba nipunguze ukali. Nimemwambia mkono ni wake lakini mdomo ni wangu, aandike ninavyosema.

Habari si nzuri, na sitakuzungusha. Kazi ya baba yako iko mbioni kufa.

Baada ya mazishi, mwenye nyumba alitaka chumba chake, kwa hiyo karakana ikahamia sebuleni kwangu. Binti wa dada yako anashona kati ya kochi na dirisha. Mapazia yananuka gundi, na juzi nilikalia msumari nikasema maneno ambayo dada yako amekataa kuyaandika. Lakini ukimwona huyo mtoto akifanya kazi, unamwona babu yake. Anamsimamisha mgonjwa wima, anaingiza vibao vyembamba chini ya mguu mfupi, kimoja kimoja, mpaka mabega yalingane, na hapo ndipo anapopima unene wa soli. Haulizi kitu wakati anapima. Anauma ulimi pembeni kama babu yake.

Shida ni kwamba watu hawaji. Lile duka kubwa la viatu vya kiwandani limemwita akauze kwao, na mwisho wa mwezi huu anatakiwa atoe jibu. Amesema akikubali, zile kalibu za mbao zilizoning'inia ukutani, miguu yote ile ya watu aliyoichonga baba yako, atampa seremala achague zinazomfaa. Alilisema hilo huku amenipa mgongo. Nilijua analia.

Usidhani amekaa tu akisubiri. Alijitengenezea tovuti yake kule kwa Mama Fotokopi, mwanamke mwenye duka la kuchapa karatasi pale kona, ambaye kompyuta anazijua kama mimi ninavyojua sufuria zangu. Mara ya kwanza aliupa ukurasa jina la Karibu. Mama Fotokopi akamuuliza ni nani anaamka asubuhi akatafute karibu mtandaoni. Binti akaona haya, akaenda akafanya vituko vingine: akaandika neno viatu chini ya ukurasa, viatu viatu viatu, kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ili watu wasione ila mashine ya kutafutia ihesabu. Mama Fotokopi alicheka mpaka akashikilia meza. Akamwambia mashine ilishazoea ujanja huo, na inamwona mtu wa namna hiyo kama mchuuzi anayepiga kelele chini ya dirisha: unafunga dirisha, basi.

Wakaanza upya kwa adabu. Juu kabisa wakaandika vile mzazi anavyouliza akiwa na wasiwasi: viatu vya mtoto mwenye mguu mmoja mfupi. Wakaeleza namna ya kupima, muda wa kushona, na mtaa tulipo. Chini ya kila picha wakaandika picha ni ya nini, kwa sababu mashine inasoma lakini haioni. Nikamwambia binti kwamba mimi naona lakini sisomi, kwa hiyo mimi na hiyo mashine tungeoana tungeishi vizuri. Alicheka, na nilikuwa nimekosa kicheko chake siku nyingi.

Ukurasa ukapanda kidogo kidogo, ukafika pazuri. Halafu ukagoma. Juu yake amekaa baba yako.

Ule ukurasa uliomtengenezea wewe, kabla hamjagombana, bado upo. Mama Fotokopi alinieleza kwa nini haushukiki. Ni wa siku nyingi, na wengi wanauelekezea kidole: hospitali imeutaja kwenye ukurasa wake, kile chama cha wazazi nacho kimeutaja, na watu waliopona aibu kwa viatu vyake wameutaja. Wa binti ni mgeni mtaani, na mashine, kama majirani, inataka kujua mgeni anajulikana na nani.

Basi watu wanamfuata marehemu. Alikuja mama mmoja na mtoto wa kike anayetembea kwa ncha ya kidole. Ukurasa wako ulimpeleka kwenye karakana ya zamani, akakuta panauzwa matairi. Akapiga namba ya baba yako. Namba hiyo siku hizi anayo muuza vitunguu, ambaye alimjibu kwamba amechoka kuulizwa habari za visigino, na kama anataka vitunguu aseme. Huyu mama alitufikia tu kwa kuwa muuza matairi anatujua. Mtoto alikuwa amechoka mpaka akalala kwenye kochi kabla hajapimwa. Binti alimpima, akawasindikiza mpaka nje, akaingia jikoni akafunga mlango. Hakutuambia analia nini, ila hata mimi nilijiuliza ni wangapi walioishia kwenye matairi wakarudi kwao.

Alikuandikia mara mbili akikuomba uufunge ukurasa ule, wewe mjomba wake wa damu, nawe hukumjibu. Hapo nilikasirika. Nilisema wewe hukukaa nasi hata matanga, na sasa umeziba mlango wa mtoto kwa jina la marehemu. Nilisema mengi, dada yako akayaandika, na barua hiyo ningeituma.

Nikajikokota mwenyewe mpaka kwa Mama Fotokopi nikamwambia auondoe huo ukurasa, na kama kuna lawama nitazibeba mimi. Akanijibu kwa upole kwamba hawezi, funguo anazo mwenye ukurasa. Akaongeza kwamba kitu kile hakisimami chenyewe. Kila mwaka lazima mtu akilipie, asipokilipia kinazimika kama taa. Nikamuuliza nani anakilipia. Akanisogezea boksi la karatasi nikalie.

Mwanangu, nilikaa. Baba yako amekufa, mimi sijui hata mlango wa hizo kampuni zinazolipwa, binti hajui, dada yako hajui. Miaka yote hii tunasema umetusahau, kumbe umekaa huko mbali unamlipia baba yako taa isizimike.

Nikamwambia Mama Fotokopi anisomee ukurasa huo, maana sikuwahi kusomewa. Akasoma: Fundi na Mwanawe, viatu kwa miguu isiyolingana. Akanionyesha picha, baba yako na aproni yake, na wewe pembeni umevaa kiatu chako kirefu, umekitanguliza mbele makusudi kwa majivuno. Wewe ndiye uliyemfanya ajifunze kazi ile. Kabla hujazaliwa alikuwa anashona makubadhi tu kama wengine.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili ndilo lililonifanya nikuandikie barua hii badala ya ile nyingine.

Najua baba yako alikucheka mbele ya wateja ulipomwonyesha ukurasa huo. Alisema mikono inayobonyeza haijui kazi. Nilikuwepo, na nilikuona ulivyoufunga ule mkoba wako wa kompyuta ukaondoka. Alikuwa na kichwa kigumu na hakujua kurudi nyuma. Lakini Mama Fotokopi ameniambia jambo ambalo mimi, niliyelala naye kitanda kimoja, sikulijua. Alipoanza kuugua, baba yako alikuwa akienda dukani kwake jioni, amevaa shati safi. Mimi nikidhani anaenda kunyoosha miguu. Anavuta kiti, anamwambia hebu nifungulie pale mwanangu aliponiweka. Anaangalia, anashukuru, anarudi nyumbani. Siku moja mteja aliyekuwa amesimama pale akamwambia, mzee, huyo kijana si alishaondoka, kwa nini usiseme wakufutie hayo maneno ya na Mwanawe. Mama Fotokopi anasema baba yako aligeuka akamjibu kwamba hayo maneno yaachwe hapo hapo, na kwamba bila hayo, mengine yote yasingekuwepo.

Hakujua kukwambia wewe. Alimwambia mpita njia. Ndivyo alivyokuwa, na mimi namkasirikia mpaka leo huko aliko.

Kwa hiyo sikuombi uuzime. Kumbe kuna njia nyingine. Mama Fotokopi anasema mwenye funguo anaweza kuweka uelekeo, mtu akibisha hodi mlango wa zamani anajikuta ameingia wa mpya, na zile heshima za mlango wa zamani zinahamia pamoja naye. Binti ameshaiweka picha yenu kwenye ukurasa wake, na jina amelibadilisha mwenyewe bila kuulizwa. Sasa linasomeka Fundi, Mwanawe na Mjukuu. Anachosubiri ni wewe tu, na seremala naye anasubiri. Usipojibu, nitaelewa kwamba hutaki, lakini sitakubali kwamba hukusikia.

La mwisho ni hili. Kalibu yako bado iko ukutani, karibu na dirisha. Najua soli uliyonayo imeliwa, na najua hukumpa fundi mwingine aiguse. Nimemwambia binti akate ngozi ya jozi yako. Ameshaikata, nyeusi, kama unavyopenda. Soli amekataa kuijenga. Anasema kimo kinabadilika mtu akizeeka, na yeye hapimi mguu kwa barua.

Dada yako anakusalimu, amelia kidogo juu ya karatasi, usijali hizo alama. Muuza matairi anakusalimu. Mama Fotokopi anakusalimu ingawa hamjuani. Vibao vya kupimia viko mahali pake, chini ya kochi.

Ni mimi mama yako,
niliyekufundisha kutembea kwa miguu yote miwili.