Kiti Nilichokitoa Zawadi

Baba,

Nina hasira, na wewe utapata sehemu yako. Ulinificha.

Wiki mbili baada ya mazishi nilikipeleka kiti chako cha magurudumu Kasikeu, kwa mama mmoja wa ushirika wa kanisa letu aliyekatwa mguu. Watu walinisifu, nikajiona mtu wa maana. Tangu siku hiyo Mama hakutoka tena nje ya lango. Kanisani hayupo, sokoni hayupo. Nikasema ni huzuni. Kumbe!

Halafu ikaja notisi ya ada ya taka. Wewe ulikuwa umesamehewa kwa sababu ya kadi yako ya ulemavu, na msamaha huo ukafa nawe. Sasa mjane alipe, pensheni yako haijahamishiwa jina lake, na taka zetu zote zinaishia kwenye lile shimo la nyuma ya jikoni. Asipolipa kufikia mwisho wa mwezi, ni kortini. Nilienda ofisini nikiwa nimekunja uso. Karani alinisikiliza hadi nikachoka, kisha akauliza kwa upole kama huyo mama ana ulemavu wowote. Nikajibu hapana, ni mzima kabisa.

Nilipomweleza Mama, aliinuka. Akaenda kumwaga majivu shimoni, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akihesabu hatua. Kumi na moja. Kumi na mbili. Nilikuwa nimeacha ndoo njiani. Akaigonga, akaanguka.

Miaka mingapi mlinificha kuwa haoni, Baba? Kijiji kizima kilijua Mama anakusukuma. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukimwongoza. "Kushoto, Mama Mwende. Jiwe." Mimi nilidhani unamsumbua tu. Na kiti nilichokigawa ndicho kilichokuwa fimbo yake. Na kanisani, kitabu kimoja cha nyimbo mikononi mwenu wawili, wewe ukimnong'onezea kila mstari kabla haujaimbwa. Nilimuuliza kwa nini hakuchukua kadi yake. Akasema mlemavu mmoja alitosha nyumba moja, watu wasije wakasema tumelogwa.

Tulibishana siku tatu kama aende kupimwa, apate kadi na msamaha. Nilimkumbusha ulivyopiga makofi redio iliposema sheria mpya ya watu wenye ulemavu imepita, ukasema, "Sasa tuone kama itafika huku kwetu Kwa Vonza." Akajibu itafika bila yeye. Siku ya nne akavaa viatu vya kanisa.

Hospitalini daktari aliinua vidole. Mama, kwa mazoea yake, akakisia vitatu. Na vilikuwa vitatu! Daktari akaanza kuandika. Mdomo uliniwasha, lakini macho si yangu, nikajizuia. Ndipo Mama akashika ukingo wa meza.

"Nimebahatisha, daktari. Sioni. Mzee ndiye alikuwa anaona."

Akalia, Baba. Hata kaburini hakulia hivyo.

Fomu imesainiwa. Kadi hatujapata, na kama itawahi kabla ya mwisho wa mwezi, sijui, usiku silali. Kiti sitakidai, yule mama wa Kasikeu anakihitaji. Na Mama hataki kushikwa mkono kama mtoto. Kwa hivyo Jumapili nilitembea hatua moja mbele yake, nikisema kama ulivyokuwa ukisema. Nilisahau mtaro mmoja, akanigombeza mbele ya wazee wa kanisa, na mimi nikacheka huku natokwa na machozi.

Pumzika, Baba. Nimekusamehe, karibu kabisa. Njia ya kanisani nimeanza kuijua jiwe kwa jiwe, na ule mtaro sitausahau tena.

Mwanao,
Mwende