Ati Lushoto ni Kushoto

Jumapili, ukungu mpaka kizingitini.

Leo ni siku ya soko na sijatia mguu huko. Nimemtuma binti yangu Rehema akaninunulie dagaa, nami nimebaki ndani nikijidai nasahihisha madaftari. Ukweli ni kwamba sitaki kukutana na mtu wa kuniambia "pole, mwalimu" kwa sauti ile ya msibani.

Jana jioni walirusha kile kipindi cha chemsha bongo. Nchi nzima imeniona nikishindwa kujibu swali kuhusu mji wangu mwenyewe.

Acha nianze mwanzo, maana nikiyaacha kichwani yatazidi kuchacha.

Walimu wenzangu ndio waliojaza jina langu. Zawadi ya mshindi wa msimu ilikuwa chumba cha kompyuta kwa shule atakayoichagua, na shule yetu inafundisha somo la kompyuta kwa kuchora kompyuta ubaoni. Nafundisha Jiografia, kwa hiyo waliona ninajua dunia. Nikakubali. Wanafunzi wakaanza kunisalimia kwa kunitajia miji mikuu ya nchi za watu.

Siku chache kabla ya kurekodi mara ya kwanza, akanipigia binti mmoja wa kipindi, jina lake Zaina. Alinianza na "Onga mai, mwalimu," salamu yetu ya asubuhi, ila kwa lafudhi ya Dar kabisa. Halafu akakumbuka adabu, akaniamkia shikamoo. Nilijiambia huyu amejifunza maneno mawili ya Kishambaa ili anilainishe. Mtu akikuvulia viatu kabla hujamkaribisha, mtazame miguu.

Akataka tupige soga tu. Ati mtangazaji anapenda kuwajua washiriki. Nikamweleza habari za kwetu, kabichi, mapeasi, baridi ya mwezi wa saba. Nikamtajia na lile ua la zambarau linaloota kwenye miamba ya misitu yetu, ambalo Wazungu wanalipanda vyunguni madirishani kwao.

Nikafika studio, nikapakwa poda mpaka nikafanana na andazi, na swali langu la mwisho likawa: ni ua gani la ndani ya nyumba, maarufu duniani, lenye asili ya milima ya Usambara?

Nikajibu, nikashinda. Watu wakapiga makofi.

Bahati, nikasema.

Kabla ya raundi ya pili Zaina akapiga tena. Safari hii tukazungumza historia. Nikamwambia Wajerumani waliuita mji wetu Wilhelmstal. Studio wakaniuliza nini? Hilohilo. Mwenzangu wa raundi ile aliulizwa mambo ya sayari, maskini, akatoa jasho mpaka poda ikachirizika.

Nimesahihisha mitihani kwa miaka mingi. Jibu la kunakili lina harufu yake. Unalitambua hata kama mwandiko ni mzuri. Nikaanza kuisikia harufu ile kwenye mafanikio yangu mwenyewe. Nikamwambia mume wangu, analima mboga huko bondeni, mtu wa maneno machache. Akasema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Kisha akaendelea kula.

Nilimshuku kila mtu. Nilimshuku mtangazaji na tabasamu lake lisilozimika. Nilimshuku mfamasia wa Songea niliyepangiwa naye nusu fainali, kwa sababu tu alikuwa mpole. Lakini zaidi nilimshuku Zaina. Alikuwa anataka nini kwangu? Hakuna mtu wa mjini anayekubeba mgongoni bure.

Kwa hiyo simu ya tatu ilipokuja, nikamtegea.

Kila mtu wa hapa anakijua kile kichekesho. Mgeni akiuliza jina la mji limetoka wapi, tunamwambia kwa uso mkavu kwamba Wazungu wa kwanza walipopanda kutoka Mombo waliuliza njia, wakaambiwa "kushoto", nao wakaandika walivyosikia: Lushoto. Mgeni akiitikia kwa kichwa, tunacheka. Nikamsimulia Zaina hivyohivyo, bila kucheka.

Naye hakucheka. Akasema, "Hiyo naijua, mwalimu." Sauti yake ilikuwa imelegea kwa namna ambayo sikuielewa. Nikadhani anajifanya mjuaji.

Nusu fainali ilikwenda bega kwa bega. Mfamasia aliujua mwili wa binadamu kama mfuko wa shati lake. Tukafika swali la mwisho tukiwa sawa, na zamu ilikuwa yangu. Mtangazaji akasoma: jina la mji wa Lushoto linatokana na nini? A, ua la mlimani. B, upande wa kushoto. C, jina la mtawala wa zamani.

Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha B. Nilihisi hasira na furaha kwa pamoja: furaha ya kumkamata mwizi, hasira ya kuona alichoiba amekuja kunigawia mimi. Niliwaona wanafunzi wangu wakigusa kompyuta halisi. Niliwaona pia watoto wa nchi hii wakiandika "kushoto" kwenye mitihani yao kwa sababu mwalimu wa Lushoto alisema kwenye televisheni.

Nikatoa mkono. Nikasema, "Hakuna jibu sahihi hapo."

Mtangazaji akacheka, akasema muda umekwisha na jibu ni B. Mfamasia akapita. Na maneno yangu wameyakata. Jana nimeonekana nimefumba mdomo, nakodoa macho tu.

Zaina alinifuata kwenye korido mbio. "Mwalimu, si ulinambia mwenyewe kushoto?"

"Ule ni utani, mwanangu," nikamjibu. "Tunawafanyia wageni."

Sijaona uso ukibadilika vile. Akaniambia mama yake alikuwa mtu wa Kwai, hukuhuku kwetu Lushoto, akaolewa Dar, akafariki Zaina akiwa darasa la pili. Aliachiwa salamu moja ya asubuhi na hadithi moja ya kushoto. Mama alimtania mtoto wake, bila shaka akingoja akue ndipo wacheke pamoja, na hakumwahi.

"Nilitaka tu mtu wa nyumbani ashinde," akasema. Kisha akaangalia pembeni akifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mimi niliyekwenda na mtego wangu nikakosa pa kuuficha.

Nilitia saini kwamba sitasema matokeo kabla ya kipindi kurushwa, kwa hiyo nilirudi nikakaa kimya. Jana tulikusanyika bwaloni, shule nzima mbele ya televisheni moja. Swali liliposomwa wanafunzi walilipuka kwa kicheko, wakapiga kelele "Kushoto! Kushoto!" Kisha wakaniona nimeduwaa kwenye kioo, na bwalo likapoa. Mkuu wa shule akanigusa bega, akasema ni presha ya kamera. Msichana mmoja wa Kidato cha Nne alisimama mlangoni akiwa na machozi. "Madam, si ungesema tu?"

Nilitamani kumwambia kwamba mwalimu wake ni mkweli. Nilijiona mkubwa moyoni, nakiri. Nililala na ukubwa huo.

Asubuhi hii mume wangu akaniuliza, nusu ya utani, "Walikuhonga ukae kimya?" Hata yeye! Nikamsimulia yote kwa uchungu, Zaina, mama yake, kitufe. Nilimaliza nikingoja anisifu. Akamalizia chai yake taratibu, akauliza:

"Na lile ua? Na lile jina la Wajerumani? Mbona hayo uliyajibu?"

Akachukua jembe, akashuka shambani.

Nimekaa na swali lake tangu saa hizo, na limenishinda kuliko yote ya studio. Nilijua raundi ya pili kwamba napewa. Nilijua, na nikabonyeza. Kilichonizuia mara ya tatu ni kwamba nilichopewa kilikuwa cha uongo. Kingekuwa cha kweli, ningekipokea kwa mikono miwili na kusema bahati.

Kama yule binti angemkumbuka mama yake kwa hadithi nyingine yoyote, leo ningekuwa fainali. Shule ingekuwa inahesabu siku za kompyuta, na watu wote wa mji huu wangeniita mwalimu mwaminifu. Nami ningeitika.