Sweta la Zambarau

Ginevra shoga, nimekwisha. NIMEKWISHA.

Unakijua kile kishimo cha mbele ya jukwaa ninamokaa kuwanong'oneza waimbaji maneno? Bado nimo.

Leo ndiyo ile opera yetu ambayo Italia haijaisikia kwa miaka mia. Hata wanaoiimba hawaijui vizuri! Na mimi, kwa haraka za asubuhi, nikavaa sweta la zambarau. Zambarau, shoga, rangi ya nuksi kwa waimbaji wote wa Italia! Jukwaani!

Ermete akaanza kuimba, akaniona, akanyamaza. Muziki unaendelea, yeye ananinong'oneza mimi: "Wee Loredana, unataka tufe? Toa hiyo nuksi, la sivyo siimbi."

Siimbi! Mbele ya watu mia mbili!

Nikalivua. Ulderico, mwongozaji wetu, akalipokea kwenye kimlango cha nyuma kwa ncha za vidole, akaenda kulitupa barabarani. Kisha akanifungia humu kwa ufunguo, eti nuksi isirudi. Nimebaki na sidiria.

Basi Ermete akaimba kama malaika, kila neno nikimpa mimi.

Sasa imeisha. Ukumbi mzima umesimama, na huyu mpumbavu Ermete anawatangazia kwamba bila mimi pasingeimbwa kitu. Ameinama, ameninyooshea mkono anivute juu nishangiliwe.

"Njoo bwana, unaona haya ya nini?"