Uvimbe Ulioitwa Wen

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na hilo nalo linanikera. Hukuwahi kuiacha salamu yangu bila jibu, hata siku ulizonuna.

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo nivumilie. Leo ni mara ya nne natoka kazini, napanda treni mpaka hospitali ile, nakaa foleni ya ofisi ya mafaili, kisha narudi nyumbani Villawood, huku ugenini, mikono mitupu. Tangu tukuzike nina shughuli moja tu inayonitoa kitandani: wafute neno moja kwenye faili lako. Wameandika ulikuwa "confused". Eti umechanganyikiwa! Wewe uliyefundisha Kiingereza Tanga miaka thelathini na minane, uliyesahihisha kwa kalamu nyekundu hata tangazo la bucha la mtaani kwetu, mpaka mwenye bucha akaja kunishtakia.

Lakini na wewe, Baba, ulizidi. Watu wakistaafu wanacheza bao. Wewe ulipokuja kukaa nami baada ya Mama kufariki, ulinunua kamusi kuukuu nzito kama tofali, ukaanza kukusanya maneno ya zamani ya Kiingereza. Tena si maneno yote, ni ya vitu vilivyo kama mirija na vitu vilivyofura. Matumbo, mabomba, majipu, vibofu. Kila neno na kadi yake, kadi zote ndani ya kopo la biskuti. Narudi nimechoka, kutwa nimeogesha na kulisha wazee wa watu, nawe unanisubiri mezani kuniambia kwamba "belly" na "bellows" ni ndugu wa tumbo moja, kwamba zamani tumbo na mvukuto wa mhunzi vyote viliitwa mfuko tu. Kwamba "hose", kabla ya kumwagilia bustani, ilikuwa soksi ndefu ya mwanamume. Mimi nikaitikia, "Ndiyo Baba," huku naosha vyombo. Leo ningetoa chochote uniambie tena ile ya soksi.

Unaikumbuka siku ya daktari. Walitaka kutupa mkalimani wa Kiswahili kwenye simu, ukakataa, ukaniuliza kwa sauti watu wote wasikie, "Mimi nipewe mkalimani wa nini?" Ulivaa koti lako la sherehe. Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye haraka. Alipouliza una shida gani, ulikohoa, ukanyoosha mgongo, ukasema, "Doctor, I fear there is a wen upon my weasand."

Uvimbe kooni. Ndicho ulichokisema, wala si zaidi. Uvimbe kooni, kwa Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe wamekiacha. Yule binti akasikia "when", yaani lini. Akauliza, "When what, sir?" Nawe ukafurahi kupata mwanafunzi, ukarudia, "Wen! Wen!" Na "weasand" akaisikia kuwa "wheezing", akakuwekea kile chombo chao kifuani asikilize kama unahema kwa mluzi. Ungegusa tu shingo yako, Baba. Ungeiweka pembeni hiyo kamusi yako na kumwonyesha kwa kidole. Badala yake ukaanza kumweleza kuhusu mvukuto.

Akakupeleka kupimwa akili. Wakakuambia uchore saa, ukachora yenye namba za Kirumi. Wakakuuliza waziri mkuu ni nani, ukawauliza wa nchi gani. Miezi ikapita hivyo. Nyumbani ukaanza kuchovya chapati kwenye chai, baadaye ukaacha chapati, ukabaki na uji. Mimi nikadhani ni meno. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuangalia nani anameza na nani hamezi! Walipouona uvimbe ulikuwa umeshaziba njia, wakakuwekea mrija. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini uliomba kadi, ukaandika kwamba "tube" ni mgeni aliyefika juzi na "pipe" ndiye mkaazi wa zamani. Nikacheka, kisha nikatoka nje kulia kwenye maegesho.

Nimemuuliza daktari mkubwa kama ungepona tungejua mapema. Anasema hawezi kujua. Basi nimebaki na hilo neno. Nikasema angalau hilo walifute.

Leo yule mama wa ofisi ya mafaili, ambaye nimeshamfokea mara mbili bila kosa lake, aliniambia hawafuti kilichoandikwa, ila nina haki ya kuandika maelezo yangu yakabandikwa juu yake. Akanichapia nakala ya ukurasa wa siku ile ili nijue ninachokipinga. Nimeusoma kwenye treni. Baba, haikuandikwa "mgonjwa amechanganyikiwa". Imeandikwa, "Binti yake anasema mgonjwa huchanganyikiwa."

Binti yake anasema.

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa. Ulipofika kwenye mvukuto, daktari alinitazama, nami nikaona haya. Niliona haya kwa koti lako, kwa maneno yako, kwa jinsi wale wa foleni walivyogeuka ulipomkataa mkalimani. Nikatabasamu, nikamwambia, "Sorry, doctor, he gets a bit confused." Sentensi ndogo tu, ya kuomba radhi, ili tuondoke.

Na uliisikia. Ulikuwa umekaa katikati yetu, na Kiingereza ulikijua kutushinda wote wawili. Ulikaa kimya njia nzima mpaka tukashuka Villawood, nikadhani umechoka. Jioni ile hukutoa kadi. Na tangu siku ile koo lako hukulitaja tena, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili, na mimi sikuuliza. Nimezunguka wiki zote hizi nikimtafuta aliyekuandika hivyo. Kumbe nilikuwa naye ndani ya koti langu.

Nimekasirika, Baba. Nimekukasirikia na wewe, bado. Ungenigombeza! Ungenipiga kwa kalamu yako nyekundu, ungesema, "Zuhura, sahihisha." Mbona mwenye bucha ulimsahihisha?

Kesho naomba ruhusa kazini. Nitakwenda mara ya tano, na nitaanza kwa kumwomba radhi yule mama. Maelezo nimeshayaandika, nimefungua kamusi yako ili nisikosee tahajia. Nitabandika na kadi zako mbili, ya "wen" na ya "weasand", kwa mwandiko wako. Chini yake nimeandika kwamba baba yangu alisema ukweli siku ya kwanza, kwa Kiingereza sahihi, na kwamba aliyechanganyikiwa chumbani mle nilikuwa mimi.

Pumzika, Mwalimu. Kopo la biskuti liko mezani, mahali pako. Nimeshaanza kadi yangu ya kwanza.

Mwanao,
Zuhura