Kwa Habuba, Uliyetupatia Chumba Kando ya Jikoni

Mpendwa Habuba,

Salamu nyingi kutoka Kawangware. Najua huwezi kuisoma barua hii. Hata ungekuwa hai ungenipa mimi nikusomee, kisha ungenikatiza kila mstari. Leo angalau utanisikiliza mpaka mwisho.

Sikuwa mjukuu wako wa damu. Nilikuwa mtoto wa Kikamba tu, lakini niliwasikia wajukuu zako Wanubi wakikuita Habuba, yaani bibi, nami nikakuita hivyo, ukaitika. Baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alikuwa amefariki, na chumba chetu cha reli akapewa mfanyakazi mwingine. Mama alipata kibarua cha kufua nguo mjini, ila hakikutosha kupanga popote. Akafunga nguo zangu nirudishwe rizavu, kijijini Ukambani, kwa mjomba, yeye abaki peke yake. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Mama alikuja nami kukuaga kwa sababu maziwa yetu yalikuwa yakitoka kwako. Ukautazama ule mzigo wangu ukasema, "Huyu haendi rizavu. Hapa kando ya jikoni yangu mtatosha wawili."

Hukuwa tajiri, Habuba. Nyumba yako ilikuwa ya udongo kama nyingine za Kibra, maana serikali haikutaka tujenge kwa mawe. Ulichokuwa nacho ni kile kipande cha ardhi na mdomo wako. Mdomo huo ukauzungusha nyumba kwa nyumba: huyu atoe miti, yule fito, na kila mama debe moja kuukuu la mafuta ya taa, lipasuliwe na kunyooshwa tuezeke. Hakuna aliyethubutu kukunyima.

Mimi ndiye niliyetumwa kukusanya madebe. Kwa Mama Zubeda nilikuta debe limefunikwa mlangoni, nikalibeba bila kubisha hodi. Lilikuwa limeshapasuliwa alipotokea na debe bovu mkononi, lile alilotuwekea, akiuliza debe lake la maji liko wapi. Nikajificha nyuma ya mama yangu. Wewe uliingia ndani, ukatoka na debe lako mwenyewe la maji, ukampa. Kisha ukanivuta sikio kidogo na kuniambia kwamba kuanzia kesho tutateka maji kwa chungu, mimi na wewe. Tuliteka hivyo msimu mzima, ukilalamikia mgongo wako huku ukinicheka.

Mvua iliponyesha, paa lilivuja kila mahali isipokuwa chini ya debe la Mama Zubeda. Akajigamba mtaa mzima kwamba yeye ndiye aliyetuezekea.

Sasa mimi pia ni mwenye nyumba, Habuba. Tuna vyumba vitatu, na kimoja kilikuwa wazi. Mume wangu alishampata karani mmoja wa kukipanga. Juzi akaja mama mjane na binti yake, akaniambia waziwazi kiasi anachoweza, na kilikuwa kidogo mno. Nikamjibu kwamba nitazungumza na mzee. Niliona aibu kusema hivyo, kwa kuwa wewe hukumwuliza mtu yeyote.

Mume wangu alinuna. Nikamsimulia habari zako tangu mwanzo, mambo ambayo sikuwahi kumwambia miaka yote hii, hata ule mzigo wa nguo zangu. Mwishowe akasema, "Basi wakae. Huyo karani nitamwambia mwenyewe."

Wamehamia leo. Jioni nikipika nimewasikia kupitia ukutani, mama akimkemea binti yake amalize chakula, binti akibisha. Nimeacha mwiko nikaketi chini, nikalia. Mama yangu alinikemea vivyo hivyo, katika chumba chako, kila jioni mpaka siku niliyoolewa.

Pumzika, Habuba. Nakupenda sana.

Mjukuu wako,
wa kando ya jikoni